Mrundi wa Rugera

Rubwera, Kyerwa
3 Februari 2025

Kwa Babu Yustus,

Shikamoo. Ni mimi Uwizeye, binti wa Fidele, mjukuu wa marehemu Mbonimpa wa kibanja cha chini, kwenye migomba ya baba yako. Naandika barua kwa sababu simu imenishinda. Wiki iliyopita nilikupigia kupitia simu ya Nolasco, nikapiga kelele mpaka wateja wa duka la jirani wakatoka kunitazama, na wewe ukanijibu kwamba migomba haijambo. Nolasco amekubali kubeba barua zetu kwenye pikapu yake ya ndizi, maana anakuja huku mara mbili kwa wiki. Masikio yamekuishia, babu, lakini macho najua bado unayo.

Nina jambo. Nimepata kazi ya uuguzi katika zahanati moja kule Nyakatuntu. Natakiwa kuripoti kabla ya Machi kwisha, nikiwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Bila namba, nafasi anapewa mwingine, na wanaoisubiri ni wengi. Mama amekwisha kulitangazia kanisa zima.

Afisa wa vitambulisho, Bi Mackrine, si mtu mbaya. Aliomba kumbukumbu za ukoo wangu kutoka Rugera, na wakamletea nakala ya daftari la kijiji la mwaka 1975. Babu yangu ana mstari mmoja tu: "Mbonimpa, mwanamume, kibarua, Mrundi." Kwa neno hilo la mwisho baba yangu amekuwa mtoto wa Mrundi, na mimi mjukuu wa Mrundi, na mjukuu wa Mrundi anaelekezwa mlango mwingine, aende na karatasi ambazo sina. Upande wa mama hauna msaada. Yeye anaitwa Mnyarwanda tangu azaliwe hapahapa, na wazazi wake walikufa bila hata kadi ya ubatizo.

Nimekulia kwenu nikisikia babu akiitwa "Mrundi wa Mwalimu", Mwalimu ukiwa wewe, na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni kama vile mtu anaitwa Mrefu. Sasa nauliza: Mrundi ni nani hasa? Babu yangu alikuwa mtu wa wapi? Wewe ndiye uliyebaki kati ya waliomjua. Tafadhali nijibu mapema.

Mjukuu wako,
Uwizeye Fidele

*

Rugera, Karagwe
10 Februari 2025

Kwa mjukuu wangu Uwizeye,

Marahaba. Migomba kweli haijambo, hilo halikuwa kosa la masikio. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa sababu ya habari, ya pili kwa sababu ya mwandiko. Chuo cha uuguzi kimekuharibu mkono. Mimi niliyefundisha miaka thelathini na minne naandika leo kama nilivyoandika siku nilipotoka chuo, na herufi zangu hakuna asiyezijua hapa Rugera.

Hongera kwa kazi. Sasa nikujibu swali lako, ingawa nikueleze mapema kwamba jibu lenyewe halitulii.

Kwetu mtu aliitwa kwa njia aliyojia. Aliyetokea kusini na jembe begani ni Mrundi. Aliyetokea ng'ambo ya mto Kagera ni Mnyarwanda. Aliyefika amevaa viatu ni Mhaya wa Bukoba, hata kama ametoka Biharamulo. Hakuna aliyeulizwa. Wapo waliokuja kuvuna kahawa ambao watu waliwaita Abashuti, na wazee walikuwa wanasema neno hilo walilitoa midomoni mwa wageni wenyewe, walivyokuwa wakiitana inshuti, yaani rafiki. Sisi tukasikia rafiki, tukaanza kulitamka kama mtu anavyotamka kibarua. Na usidhani sisi tulisalimika. Mimi nilipokwenda Bukoba kusoma niliitwa Mnyambo kwa kuwa natoka Karagwe, tena kwa pua iliyokunjwa, na walioniita hivyo tunasikilizana nao lugha bila mkalimani. Nikawauliza Mnyambo maana yake nini. Mmoja akasema hivi, mwingine vile, na wa tatu akasema ni mtu kama mimi.

Kwa hiyo usihangaike na maneno. Nimekuandikia ushahidi, uko ndani ya bahasha hii, na mwenyekiti wa kitongoji ameugongea muhuri. Nimeeleza kwamba Mbonimpa ni ndugu yangu, wa ukoo wetu, mwiko wetu ni mmoja, na amezikwa katika kibanja cha baba yangu. Mpe huyo Bi Mackrine. Akisoma jina langu ataelewa.

Mwambie mama yako Nikuze nimemsalimu.

Babu yako,
Mwl. Yustus

*

Rubwera
17 Februari 2025

Babu, shikamoo.

Nimepeleka ushahidi wako na mambo yameharibika zaidi. Bi Mackrine aliusoma akafurahi, akachukua karatasi safi kuchora mti wa ukoo. Akamwandika baba yako juu, chini yake wewe na Mbonimpa, halafu akaniuliza babu alizaliwa na mama yupi kati ya wake wa baba yako. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kwa nini basi daftari la kijiji linasema kibarua, na Mrundi. Mtu gani anaandikwa kibarua katika kibanja cha baba yake? Sasa faili langu lina maelezo mawili yanayopingana, na amenieleza kwa upole kwamba faili la namna hiyo ni gumu kuliko lisilo na maelezo. Anataka kujua pia nani aliandika daftari lile, lakini ukurasa wa mwisho uliingia maji na jina halisomeki.

Kwa nini umeandika hivyo, babu? Mimi najua nyumba ya baba yako ilikuwa juu na ya babu yangu chini. Najua nani alipalilia na nani alikaa barazani. Sikuja kuomba unidanganyie.

Nimemuuliza mama. Ameniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Mwaka 2013, wageni wasio na vibali walipotakiwa kuondoka nchini, viongozi walikuja na daftari hilohilo wakamsomea baba jina la babake. Baba hakubishana, alifunga godoro akaenda Burundi kwa kuwa ndiko neno lilikomwelekeza. Alipofika kule walimcheka kwa jinsi anavyoongea. Walimwita Mtanzania. Kijiji kizima alichofikia kilimwita hivyo mpaka alipokufa kwa malaria miaka miwili baadaye, na hata waliomzika walisema wanamzika Mtanzania.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikiambiwa baba amekwenda kwao. Kwao wapi? Hapa alikuwa Mrundi, kule Mtanzania. Kichwa kinaniuma.

Tafadhali, jibu mawili tu. Babu Mbonimpa hakuwahi kukutajia kilima au kijiji alikozaliwa? Na huo undugu wenu ni wa namna gani? Mama anasema nikuulize habari za kahawa, kisha akakataa kuendelea.

Uwizeye

*

Rugera
20 Februari 2025

Mjukuu wangu,

Mama yako ana mdomo. Nitakueleza, na barua hii ukimaliza kuisoma ichome, maana mimi ni mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri na mchungaji wetu ni kijana mwenye bidii.

Mwaka 1977 nilishikwa na homa, baba yangu akiwa safarini. Mbonimpa alinibeba mgongoni tangu hapa hadi hospitali, kutwa nzima, mvua inanyesha, akanilinda siku tisa akilala sakafuni. Nilipopona nilimwita nyuma ya nyumba, tukafanya omukago. Huenda hujawahi kuuona, siku hizi umekwisha. Tulijichanja karibu na kitovu, tukapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka punje yake damu yake, akampa mwenzake ameze. Tangu siku ile mwiko wake ukawa wangu na wangu ukawa wake. Watoto wetu wasingeoana. Ningekufa, angeingia kaburini kunipokea kama ndugu anavyompokea ndugu, na yeye alipokufa niliingia mimi, nikiwa na miaka hamsini na mitano na mgongo mbovu, na wanangu wakashangaa.

Kwa hiyo sikudanganya. Kwa namna yetu, mtu akimeza ile punje hana asili nyingine ya kuulizwa. Nilisahau kwamba fomu ya Bi Mackrine haina nafasi ya punje.

Kuhusu kilima, sikumbuki vizuri. Ni miaka mingi. Na hilo daftari waachie wenyewe, daftari lililoloa maji halina faida kwa mtu. Mwambie afisa atafute njia nyingine.

Habari ya Fidele imeniumiza. Sikuijua hiyo ya kule.

Yustus

*

Rubwera
24 Februari 2025

Babu,

Bi Mackrine amenipa nakala ya ukurasa wa daftari nikae nayo nyumbani, labda mtu wa kwetu aseme nani aliuandika.

Sikuhitaji kumpelekea mtu. Nimeuweka mezani, na kando yake barua zako mbili. Ile niliyoambiwa niichome bado ninayo. M ya "Mrundi" ina mkia unaorudi chini ya herufi inayofuata. M ya "Mjukuu wangu" inao pia.

Mama ameangalia akatoka nje. Mimi nimebaki nazo tangu saa nane mchana na sasa mama anapika.

Ni mkono wako?

Uwizeye

*

Rugera
28 Februari 2025

Uwizeye mwanangu,

Ni mkono wangu.

Niliahirisha kukujibu siku mbili, nikijifanya natafuta kalamu. Nimekaa na kalamu nne.

Mwaka ule wa 1975 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo, kijiji kinaandikishwa upya na mimi pekee ndiye mwenye mwandiko wa kuonyesha wakubwa. Waliniwekea meza chini ya bati la ghala la kahawa. Watu walipanga mstari tangu asubuhi, zaidi ya kaya mia mbili, na karani wa tarafa alitaka kuondoka na daftari siku ileile. Niliuliza watu majina, baba zao, koo zao. Wengine waligombana nami kwa koo zao na nikarekebisha. Akafika Mbonimpa. Tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa namwona kila siku ya Mungu. Nikamwambia, "Wewe nakujua," nikaandika, nikamwita anayefuata. Hakufungua mdomo. Sikumuuliza, Uwizeye. Mstari mzima niliuliza, yeye peke yake ndiye sikumuuliza, kwa sababu nilimjua.

Na kilima nakikumbuka. Nilikudanganya. Alikuwa anakitaja kila tulipokula: "kwetu Bugufi, pale Mabawe." Nami tangu chuoni nilikuwa nimeiona Bugufi kwenye ramani, iko ndani ya wilaya ya Ngara, upande wetu wa mpaka. Lugha yao na Kirundi zinasikilizana, mgeni hatofautishi, na wao hujiita Wahangaza. Nilijua kwa ramani na nikaandika kwa mazoea. Nilipogundua, daftari lilikuwa limekwenda, nikaona aibu kumfuata karani kwa neno moja la kibarua. Nilijiambia halimdhuru mtu. Hata omukago ule, sijui tena kama niliufanya kwa ajili ya mgongo alionibebea au kwa ajili ya ile M.

Mwaka 2013 nilisikia wanasoma daftari. Nilikuwa kitandani na malaria, lakini siyo malaria iliyonizuia. Ningesimama nikasema mwandishi ni mimi na niliandika uongo, Rugera nzima ingesikia. Fidele alipita mlangoni kuniaga, godoro likiwa kichwani. Akanisalimu shikamoo baba mdogo. Nikaitikia.

Mwaka 2009, siku chache kabla hajafa, nilimwuliza Mbonimpa kwa nini siku ile hakunirekebisha. Akasema, "Nilikuona una haraka."

Hiyo ndiyo habari yote. Sina la kuipamba.

Alhamisi ijayo, tarehe 6, nakuja Rubwera na Nolasco. Nitamwambia Bi Mackrine mbele ya yeyote atakayekuwepo kwamba mkono ni wangu, na nitakula kiapo kwa hakimu. Watasikia hadi nje, maana mimi nikiongea siku hizi siwezi kujua sauti yangu imefika wapi. Hapa nao watapata habari kabla sijashuka kwenye pikapu, na waongee.

Lakini kabla sijaandika chochote kwa afisa, nakuuliza wewe nisilomuuliza babu yako. Wewe unajiita mtu wa wapi? Niambie ukitaka, au usiniambie. Safari hii nasubiri.

Yustus

*

Nyakatuntu, Kyerwa
14 Aprili 2025

Babu Yustus,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, na nadhani unajua kwa nini. Siku ile ofisini nilikaa kando yako, nikakupazia maswali ya afisa sikioni, na tulipotoka nilikupandisha kwenye pikapu bila kukuaga vizuri. Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Nikimkumbuka baba na lile godoro, barua yako huwa naigeuza uso chini. Sitakuficha hilo.

Lakini yapo uliyokosa kusikia siku ile, na baadaye yamekuja mengine, na ni haki yako kuyajua.

Uliposema, "Mkono ni wangu, na sikumuuliza," watu wa foleni nje walisogea wote dirishani. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti ya chini kwamba hata babake aliandikwa hivyohivyo, kwenye daftari jingine, na mtu mwingine. Wewe ulikuwa unafuta miwani. Ukaomba kalamu ukate lile neno, na Bi Mackrine akaivuta nakala ya daftari kwake, akasema kumbukumbu ya serikali haikatwi, inaambatishwa maelezo. Hilo ulilisikia. Hukusikia alichoniuliza ulipokwenda kutia sahihi: "Huyu mzee ni nani yako?" Nilikutazama ukiinamia karatasi. Akaniambia basi tuandike shahidi.

Kiapo chako kilipelekwa Ngara. Mwishoni mwa Machi, siku nne kabla ya muda wangu kwisha, jibu lilirudi kutoka Mabawe na muhuri wa kijiji. Familia ipo. Yupo dada yake babu, Nyirabahire, kipofu sasa, ana miaka themanini na zaidi. Mtendaji aliandika maneno yake kama alivyoyasema. Anamkumbuka kaka aliyekwenda Karagwe kutafuta kahawa akiwa kijana na hakurudi. Alimtaja baba yao, mama yao, na mti uliokuwa mbele ya nyumba. Halafu mtendaji aliongeza sentensi moja, nadhani hakuona kwamba ina uzito. Aliandika kwamba pale kijijini, kwa miaka yote hii, watu wamekuwa wakimtaja marehemu kwa jina la "yule Mnyambo wetu".

Nilicheka mpaka Bi Mackrine akaniletea maji. Halafu nikalia. Kwenu alikuwa Mrundi. Kwao alikuwa Mnyambo. Burundi ambako hakuwahi kukanyaga, ndiko mwanawe alikokwenda kufa akiitwa Mtanzania. Sijui ni nani katika habari hii yote aliyemwita mtu kwa mahali alipo. Nimejaribu kuipanga kichwani na haipangiki, na nimeacha.

Namba nimepata. Niliripoti tarehe 31, saa tisa alasiri, mlinzi akiwa anataka kufunga. Mama Nikuze amekwisha kulitangazia kanisa upya. Mwezi wa sita tutakwenda Mabawe kumwona bibi Nyirabahire. Kuna nafasi moja kwenye gari na sijaamua ni ya nani.

Uliniuliza swali, ukasema unasubiri. Sina jibu, babu. Nimelizungusha wiki sita. Kila neno ninaloshika naona lililetwa na mtu aliyekuwa anatazama kwingine.

Nitakuambia tu la juzi. Ilikuwa siku ya kliniki, kina mama wamejaa hadi kwenye nyasi, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Akafika mama mmoja na mtoto mwenye homa, kitenge kimeloa, anaongea kama mama yangu anavyoongea akichoka. Kwenye daftari kuna safu ya mahali mgonjwa anakotoka. Mwenzangu, ambaye ni mtu mwema, akanigusa kiwiko akasema andika Mnyarwanda twende, foleni ndefu. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza M. Niliiona, babu, nilikuwa nimeianza na mkia wake, sijui niliuokota wapi.

Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza.

Akataja jina la kijiji, la kitongoji na la mwenyekiti wake, na akataka kujua kama nimeandika vizuri.

Uwizeye